Ndege ya vita ya zamani inagoma kuruka: soma dalili kwanza, spana baadae

Watu wengi wakiona ndege ya miaka ya 40 imelala kwenye hanga wanadhani kazi ni kutafuta injini, kupiga rangi, basi inaruka. Sio hivyo. Nyingi kati ya hizi ndege hazikuuliwa na risasi, zimeuliwa na kukaa. Raba imekauka, oili imekuwa kama lami, maji yamelala chini ya tanki, panya kakojolea nyaya, alafu juu ya yote hayo kuna mafundi watano sita waliopita hapo kati na kila mmoja kaacha mkono wake. Kwa hiyo dalili yoyote ikitokea, kabla hujauliza "nini kimekufa" jiulize hiki kitu kimekaa miaka mingapi bila kufanya kazi na wa mwisho kukigusa alifanya nini. Mara nyingi jibu liko hapo hapo.

Kingine, badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari. Ukibadilisha plagi na magneto (kile kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche za plagi) na kabureta siku moja na injini ikapona, hujui umeponya nini, na ugonjwa ukirudi unaanza upya ukiwa umeishiwa spea.

Naenda kwa dalili, na nitakaa sana kwenye injini kwa sababu ndo inayolaza watu macho.

Unasukuma propela kwa mkono, inafika mahali inagoma

Hii ni ya injini za radiali, zile silinda zimezunguka kama miale ya jua. Mfano Wasp R-1340 ya Harvard (Wamarekani wanaiita T-6), silinda 9, hospawa 600, au M-14P ya Yak-52, nayo silinda 9 ila hospawa 360. Injini ikikaa, oili inashuka taratibu kupita kwenye ringi za pistoni na kujaa kwenye silinda za chini. Oili haibonyezeki. Ukipiga stata hapo pistoni inagonga ukuta na konrodi (ule mkono unaobeba pistoni) inapinda, na ubaya wake haikatiki siku hiyo, injini inawaka vizuri tu, unafurahi, konrodi inakuja kukatika masaa kadhaa mbele ukiwa angani.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha zima magneto, zungusha kwa mkono, hesabu panga zinazopita mpaka kila silinda iwe imepitia kompresheni yake. Ikigoma usilazimishe. Na usirudishe nyuma! Watu wengi hukosea hapa, wanazungusha kinyume, propela inalegea, wanadhani wamemaliza. Hamna kitu umemaliza, umeisukuma ile oili kupitia valvu ya kuingiza ikapanda kwenye paipu ya hewa na ipo pale inakusubiri, ukiwasha tu inanyonywa tena ndani. Fungua plagi za silinda za chini, acha oili imwagike yote, zungusha tena taratibu, kagua na paipu za hewa za chini kama zina oili. Kama kuna mtu alishapiga stata ikagonga, hapo hakuna ujanja, hizo silinda zinafunguliwa na konrodi zinapimwa.

Na ukiwa unashika propela ichukulie kwamba iko hai siku zote. Magneto haizimwi kwa kukata umeme kama taa ya nyumbani, inazimwa kwa kupeleka waya wake kwenye arthi. Waya ule ukikatika swichi inasoma "off" lakini magneto inaendelea kutoa cheche, na propela inaweza kukupiga wakati unadhani imelala. Kuipima ni rahisi, injini ikiwa mzunguko wa chini weka swichi kwenye off sekunde moja tu, ikionyesha dalili ya kufa basi waya mzima, ikiendelea kunguruma kama vile hujafanya kitu usimruhusu mtu kusogea mbele mpaka uutafute ule waya.

Inazungushwa na stata lakini haiwaki

Anza na mafuta. Toa kidogo kwenye drein ya chini ya tanki, weka kwenye chupa ya kioo. Maji ni mazito kuliko petroli ya ndege kwa hiyo yanalala chini na unayaona. Ukikuta vipande vyeusi kama majani ya chai, hiyo ni raba. Ndege nyingi za vita zilikuwa na matanki ya raba yanayojiziba yakipigwa risasi, na raba ile ikizeeka inamomonyoka ndani na kwenda kuziba filta. Kusafisha filta kila siku sio dawa, tanki linatolewa.

Mafuta yakiwa sawa, njoo kwenye cheche. Magneto ikizungushwa polepole na stata haitoi cheche ya maana, ndo maana zimewekewa koili ya kusaidia kuwasha au kifaa cha springi kinachoichelewesha kisha kuirusha ghafla. Hicho kifaa kinakufa kimya kimya, na watu wanaishia kubadilisha plagi zote bila sababu.

Kabureta ambayo ilikaa kavu nayo usiiamini. Ngozi zake za ndani zikikauka zinakuwa ngumu kama karatasi, inaweza kukaa vizuri mezani alafu ikaanza kuvuja ikipata presha. Na kama umepampu mafuta ya kuwashia mpaka yanadondoka chini, punguza jazba, kwa sababu injini ikipiga chafya moto unarudi kwenye kabureta. Ikitokea, endelea kupiga stata ili moto umezwe ndani, funga mafuta, na yule mtu wa mtungi wa kuzimia moto awe ameshasimama pale tangu mwanzo na sio anaenda kuutafuta.

Moshi wa bluu mwingi injini ya radiali ikiwaka usikutishe, ni ile oili ya silinda za chini inaungua. Ukiendelea baada ya dakika kadhaa ndo uanze kuwaza ringi.

Inawaka ila inamisi na kutetemeka

Hapa ndo penye utamu na pia ndo wanapopotea watu wengi.

Kila silinda ina plagi mbili na kila plagi inalishwa na magneto yake. Kwenye kipimo unazima magneto moja unaangalia mzunguko umeshuka kiasi gani, halafu nyingine. Sasa wengi wanaangalia namba tu, iko ndani ya kiwango, twende. Namba peke yake haitoshi, angalia inashuka vipi. Ikishuka ghafla na injini ikaanza kutikisika, kuna plagi au waya wa plagi umekufa. Ikishuka taratibu, kwa ulaini, lakini kwa kiasi kikubwa, hapo fikiria taimingi ya magneto. Na isiposhuka kabisa usishangilie, pengine ule waya wa arthi niliosema umekatika na hiyo magneto haijazimika hata kidogo.

Kumtafuta silinda aliyekufa: injini ikiwa imepoa washa, iendeshe kwenye ile magneto mbaya kwa muda mfupi, zima, piga kipimajoto cha mwanga kwenye kila ekzosi inapotokea kwenye silinda. Iliyo baridi ndo mgonjwa wako. Hamisha plagi yake kwenye silinda nyingine rudia, ugonjwa ukihama na plagi basi ni plagi, ukibaki pale pale ni waya au kichwa cha magneto. Nyaya za zamani zilizofungwa ndani ya bomba la chuma zinanyonya unyevu, kwa hiyo injini inayomisi asubuhi yenye umande na kupona mchana inakuambia yenyewe tatizo liko wapi.

Plagi zikija na vijiwe vya kijivu ndani, hiyo ni risasi ya kwenye mafuta, yaani yale madini ya lead, sio risasi ya bunduki. Petroli ya ndege ya 100LL inaruhusiwa kuwa na mpaka gramu 0.56 za risasi kwa lita moja, na ukiacha injini kubwa inanguruma chini chini kwa muda mrefu ukisubiri zamu ya kuruka, plagi hazipati joto la kujisafisha. Pandisha mzunguko kidogo, ipe muda, mara nyingi inajisafisha yenyewe.

Halafu kuna hii inayowachanganya wengi: inatetemeka ikiwa chini lakini ukiongeza moto inakuwa tamu. Watu wanafungua kabureta. Kabla hujafika huko shika paipu za kuingizia hewa moja moja, kaza nati zake na angalia raba zake. Ikiwa mzunguko wa chini ndani ya paipu kuna mvuto mkubwa, kwa hiyo tundu dogo linaingiza hewa ya ziada na silinda ile inakosa mafuta, ukiongeza moto ule mvuto unapungua na tundu linakuwa halina maana tena. Mi nilishawahi kuhangaika wiki tatu na injini ya namna hii, nikashusha kabureta mara mbili, kumbe nati moja ya silinda ya chini ilikuwa inazunguka kwa vidole.

Ukiona haya mambo ya plagi na waya ni madogo, kumbuka ile B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani, iliyokuwa inaitwa Nine-O-Nine, ilianguka tarehe 2 Oktoba 2019 kwenye uwanja wa Bradley kule Connecticut, watu 7 wakafa. Wachunguzi walisema rubani hakusimamia vizuri spidi na mpangilio wa ndege baada ya injini kupoteza nguvu, lakini walikuta pia injini namba 4 ina magneto ambayo waya wake wa arthi ulifungwa vibaya ukawa unagusa na kuizima, na plagi za injini namba 3 zilikuwa nje ya kiwango. Ni waya na plagi, vitu ambavyo fundi anavishika kila wiki.

Geji ya oili inasema uongo, au inasema kweli

Injini iliyokaa usiiwashe kavu. Unafungua plagi, unasukuma oili ya moto kwa presha kutoka nje mpaka uione imefika kote, ndo unaifikiria stata. Ikiwaka na ndani ya sekunde 30 geji haijapanda, zima, usisubiri kidogo, zima.

Presha ikiwa ndogo, kwanza funga geji nyingine unayoiamini. Geji za miaka 80 zinachoka kama binadamu. Ikithibitika ni kweli, angalia valvu ya kupunguza presha, kiuchafu kidogo tu kikikaa kwenye kiti chake presha inashuka. Presha inayokuwa nzuri ya baridi na kuporomoka kila joto linavyopanda, hapo ni beringi zimelegea au umeweka oili nyepesi.

Filta ya oili ikate kila unapobadilisha, mwaga takataka zake kwenye kitambaa cheupe, pitisha sumaku. Inayoshikwa ni chuma, gia au ringi au silinda. Isiyoshikwa na ni nyeupe nyepesi, mara nyingi ni pistoni. Ya dhahabu dhahabu ni bushi za shaba. Ukiona vipande vya fedha vinavyong'aa kwenye injini ambayo beringi zake kuu zimepakwa fedha, safari imeishia hapo.

Na tafadhali sana, injini ikifa na kutema vyuma, usifunge injini mpya na kutumia kipoza oili kile kile. Vyuma vimejificha kwenye vijia vyake, suuza unavyosuuza vingine vinabaki, na vinatoka siku ya kwanza ukiruka kwenda kuua injini mpya. Kiwe kimesafishwa na watu wenye mtambo wa kazi hiyo, la sivyo badilisha.

Joto linapanda

Kwenye Merlin, injini ya Spitfire, V12 ya lita 27 inayopozwa na maji ya glikoli, tofautisha ugonjwa na maumbile. Spitfire ikiwa chini inachemka haraka, ndo ilivyozaliwa, magurudumu yakiwa nje mguu unaziba upepo wa radieta, kwa hiyo rubani ana dakika chache za kuzunguka uwanjani. Usianze kufungua radieta kwa hilo. Lakini ukiona moshi mweupe kwenye ekzosi wenye harufu tamu tamu, glikoli inaingia kwenye silinda, sili zimechoka. Pima mfumo kwa presha injini ikiwa imezimwa, utaona inapotoroka.

Kwenye radiali silinda moja ikichemka peke yake usilaumu injini nzima. Angalia vibati vya kuelekeza upepo kati ya silinda, mtu alivitoa ili apitishe mkono na hakuvirudisha, au ile paipu ya hewa tuliyosema inavuja.

Mlio wa propela unapanda na kushuka wenyewe

Kama injini yenyewe imetulia na ni mzunguko tu unaocheza, tope la oili limejaa kwenye kichwa cha propela au gavana (kifaa kinachotuliza mzunguko wa propela) imechoka. Oili inayorushwa kwenye kioo ni sili za panga. Kwenye propela za Harvard zenye vizito, pistoni yake ikibaki nje wakati wa kupaki inashika kutu na kwenda kukata sili, ndo maana marubani wa zamani walikuwa wanaivuta propela kwenye pichi kubwa (panga zimelala kwa pembe kubwa) kabla ya kuzima. Aliyenunua ndege bila kuambiwa hiyo tabia analipia sili kila msimu.

Magurudumu: moja linachelewa, au hayaendi kabisa

Kwanza hakikisha sio wewe. Kwenye Harvard lazima usukume kile kiwiko cha kuamsha haidroliki, bila hivyo unavuta lever ya magurudumu mpaka kesho na hakuna presha. Nimeona watu wameshaiweka ndege kwenye jeki kwa ajili ya hilo.

Kama ni ugonjwa kweli, uliza ni maji gani ya haidroliki yamewekwa. Mifumo ya zamani yenye raba ya asili ilitumia mafuta ya mbarika, ukiwekea yale mekundu ya madini sili zinavimba na mguu unakwenda kwa shida. Hapo usibadilishe mafuta tu, toa sili zote weka za aina inayoendana na mafuta utakayobaki nayo. Mguu ukitikisika unaposhuka, toa hewa.

Yak-52 ni habari nyingine, kila kitu ni upepo: magurudumu, flapu, breki mpaka kuwasha injini, unatoka kwenye mtungi wa karibu bar 50. Ukisikia "ssss" usiku kumetulia, povu la sabuni litakuonyesha. Kubwa zaidi ni maji, kompresa inaingiza unyevu, usipomwaga unaoza mtungi wa chuma kwa ndani wakati nje rangi inang'aa. Mtungi usio na rekodi ya kupimwa kwa presha ya maji usiujaze.

Majaribio yote ya magurudumu yafanyikie kwenye jeki, mara nyingi, pia kwa njia ya dharura. Ile njia ya dharura watu huwa wanaisahau.

Mwili: chuma, mbao, kitambaa

Rangi ikivimba kama lengelenge au riveti ikizungukwa na unga wa kijivu, aluminiamu inaoza chini. Bonyeza kwa kitu chenye ncha, ukiona inachanika kama kurasa za kitabu, kipande hicho hakitibiki kwa msasa, kinakatwa. Mhimili mkuu wa bawa na maungio yake ndo pa kwenda na mashine za kupimia nyufa. Mwaka 2023 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo kwa B-17 zote kukaguliwa maungio ya bawa na mhimili, baada ya kukutwa na hitilafu kwenye ndege ambazo zilikuwa zinaruka.

Hali ya kulala nayo inadanganya. Ile ndege ya kivita P-38 iliyoitwa Glacier Girl ilitua kwa dharura Greenland Julai 1942, ikatolewa 1992 ikiwa chini ya barafu ya mita 80 hivi, baridi imeizuia kutu lakini uzito umeiponda, ikaruka Oktoba 2002. Miaka kumi ya kazi hiyo.

Ndege ya vita inayoitwa Mosquito ni mbao, na kinachooza mara nyingi ni gundi kabla ya mbao. Gonga kwa nyundo ndogo ya plastiki, sauti ikibadilika kutoka kali kwenda butu, viungo vimeachana.

Kitambaa cha kwenye usukani wa mkia kinapimwa kwa kifaa cha kubonyeza, sio kwa macho. Na hapa kuna mtego: umekarabati, umepiga rangi nzuri mikoti mitatu, uzito umeongezeka nyuma ya bawaba. Ukiruka kwa kasi usukani unaanza kupapatika na unaweza kung'oka. Ukishapaka rangi, pima balansi upya.

Alafu sukuma kijiti kushoto, toka nje uone kwa macho yako bawadogo la kushoto limepanda. Kebo zilizofungwa kinyume zimeua watu wenye akili sana.

Umeme na geji, kwa kifupi

Taa zinafifia, geji zinacheza zote kwa pamoja: arthi. Ni arthi, anza hapo. Nyaya zenye ganda la nguo au raba ya zamani zinavunjika ukizikunja, usiunge, vuta mpya. Geji ya spidi ikilala, chungulia kwenye lile bomba la nje linalopokea upepo wa kupimia spidi, nyigu wanapapenda. Na zile saa zinazong'aa usiku nyingi zimepakwa radiamu, madini yenye mionzi ambayo haiishi leo wala kesho kwa sababu nusu yake tu inachukua miaka 1600, hivyo usizifungue ukapuliza vumbi.

Za jeti

Ukiwasha na joto la ekzosi linakimbia wakati mzunguko unasuasua, kata mafuta hapo hapo, betri au mtambo wa nje hauna nguvu ya kutosha. Kiti cha kurusha rubani hakiguswi na mtu asiyesomea, baruti zake zina tarehe ya kuisha.

Na hesabu kila ulichokiweka kwenye mdomo wa injini wakati wa kupaki. Vulcan XH558, jeti ya mabomu ya Uingereza iliyorudi angani Oktoba 2007, Mei 2012 ilipoteza injini 2 kwa mara moja ikianza kukimbia kuruka kule Doncaster, chanzo ni vifuko vya kunyonya unyevu vilivyosahauliwa ndani.

Kabla ya ruko la kwanza

Usiwe na haraka. Kee Bird, ile ndege ya mabomu B-29 iliyotua kwenye barafu Greenland mwaka 1947, mwaka 1995 walishaifungia injini mpya, inatembea yenyewe kujiandaa kuruka, petroli ikamwagika kutoka kwenye tanki la jenereta ya nyuma, ikaungua sehemu kubwa. Injini zote zilikuwa zinafanya kazi, kilichoimaliza ni kile kimtambo cha pembeni ambacho kilikuwa kimefungwa kwa muda tu.

Kwa hiyo chochote ulichofunga kwa muda, kwa waya au kamba, kitoe au kifunge kweli. Kimbiza polepole uwanjani, simama, fungua maganda ya injini, angalia inavuja wapi. Kimbiza kwa kasi mkia ukiwa juu, simama, fungua tena. Ruko la kwanza dakika 20 juu ya uwanja, magurudumu yaache nje, ukitua kata filta ya oili kabla hujapokea pongezi za mtu.